Jinsi ya kukaa na mafundi wa Dar mpaka kitabu chako kijae skechi

Mwaka wa kwanza chuoni nilikuwa nachora kutoka kwenye simu. Naingia mtandaoni, natafuta simba, namchora, alafu nashangaa kwanini simba wangu anafanana na simba wa darasa zima. Na wakati huo naishi Sinza, yani kutoka geto kwangu mpaka Mwenge pale kwenye vinyago natembea kwa miguu tu, kila siku napita nasikia tezo, vile vishoka vya kuchongea, zinagonga mpingo, ko ko ko, na mimi nimeinamia kioo cha simu natafuta inspiresheni. Mpaka leo nikikumbuka najicheka.

Sasa hapa naandika vile navyofanya siku hizi, sio sheria, kila mtu na njia yake. Ila kama we ni mwanafunzi wa sanaa na unaona umekauka, jaribu hivi: usiende kuchora vitu vya wasanii, nenda kawachore wasanii wenyewe wakiwa kazini. Kinyago kikishapigwa msasa na kung'arishwa kimeshafunika kila kitu, huoni wapi fundi alisita, wapi alibadili mawazo, wapi mti ulimkatalia. Mikono yake ndio inasema. Na ili uione mikono lazima ukae, na ili ukae masaa matatu kwenye kazi ya mtu bila kuonekana mpelelezi au mzururaji unahitaji kuwa na shughuli mkononi. Hiyo shughuli ndio skechi.

Begi lako kwanza

Usinunue kitabu cha kuchorea cha bei. Kitabu cha bei kinakutia woga, kila ukurasa unaona hela, mwisho wake unachora kwa adabu mno. Mi nanunua karatasi za rimu, zile A4 za gramu 80 za kutolea kopi, naenda nazo steshenari wananikatia katikati, wanapiga spairo, juu na chini wanaweka manila. Inatoka kitabu cha karatasi mia na kitu kinachoshikika kwa mkono mmoja. Ubaya wake haivumilii maji, ukipaka rangi ya maji inajikunja, na wino unapenya nyuma kwahiyo chora upande mmoja tu.

Penseli mbili zinatosha, 2B na 6B, na peni ya kawaida ya dukani. Raba acha nyumbani. Najua inauma, ila ukiwa na raba unakaa dakika tano unafuta pua ya mtu na mtu mwenyewe ashaondoka.

Mkaa wa kuchorea pia unaweza kutengeneza mwenyewe, maana ule wa jikoni ni mgumu unakwaruza karatasi. Tafuta vijiti vikavu vya mti mlaini, vyembamba kama penseli, vimenye maganda, vipange kwenye kopo la bati lenye mfuniko unaobana, toboa tundu moja dogo la msumari kwenye mfuniko, weka kwenye jiko. Moshi utaanza kutoka kwenye lile tundu, we acha. Moshi ukikata kabisa, epua, na hapa ndipo watu wanaharibu: usifungue mpaka kopo lipoe lote. Ukilifungua likiwa la moto hewa inaingia, vijiti vinashika moto, vinageuka majivu unaviangalia. Kopo langu la kwanza liliishia hivo na mama mwenye nyumba akaniuliza kama nimeanza uganga. Skechi ya mkaa inafutika hata na kiwiko, kwahiyo ukimaliza ipulizie spreyi ya nywele kwa mbali kidogo, inashika vizuri tu.

Ongeza maji ya kunywa, kofia, na kitambaa cha kuweka chini ya kiganja, maana jasho la Dar linachora ramani yake juu ya kazi yako.

Mwenge, na namna ya kukaribishwa

Wengi wanafeli hapa kabla hawajachora hata mstari. Usiingie simu imenyanyuliwa. Wale wazee wamepigwa picha miaka na miaka na watu ambao hawanunui kitu wala hawasalimii. Toa shikamoo, taja jina, sema unasoma, alafu sema shida yako bila kuzunguka: "Mzee naomba nikae hapa pembeni nichore unavyofanya kazi, sitapiga picha." Mara nyingi utaambiwa kaa. Ukikataliwa shukuru uende banda la pili, usinune, huenda ana oda ya watu kesho na hataki macho. Akija mteja nyanyuka usogee mbali kabisa, usijifanye na we muuzaji, ile ndio riziki yake ya siku.

Siku yangu ya kwanza sikuchora kitu cha maana. Nilikaa kama dakika ishirini, mzee akanitazama, akanipa kipande cha msasa na kinyago cha mwanamke aliyeinama, akasema piga mgongo huo. Nikapiga saa nzima. Nilikuwa nimekasirika kidogo, nikaona kama nimegeuzwa kibarua wa bure, lakini vidole viliniambia kitu ambacho macho yalikuwa hayajaona, kwamba ule mgongo hauna hata sehemu moja iliyonyooka. Kila sehemu unapopita unapanda au unashuka. Mimi migongo yangu yote kwenye kitabu ilikuwa mstari mmoja kutoka shingoni mpaka kiunoni, shaaa, kama mlango. Kwahiyo ukipewa msasa pokea.

Baada ya hapo sasa chora. Wengi wao wanakaa chini, gogo wamelibana kwa miguu, mikono yote miwili iko huru au mmoja unazungusha kazi na mwingine una tezo. Usijaribu kumchora mtu mzima mwenye uso na kucha. Mchore kwa mistari mitatu: mmoja wa uti wa mgongo, mmoja wa mabega, mmoja wa mkono wenye tezo. Alafu angalia tezo, maana inarudia. Juu, kati, chini, juu, kati, chini. Kitu kinachorudia ni zawadi kwa mtu wa skechi kwasababu ukikosa sasa hivi kinarudi baada ya sekunde mbili. Ichore mikono mitatu juu ya mwili mmoja kwenye karatasi hiyohiyo, bila aibu, itaonekana kama shetani mwenye mikono mingi na hapo uko sehemu sahihi kabisa.

Maana shetani ni mtindo wao kweli. Wamakonde wana mitindo kadhaa, na kila mmoja una somo lake la kuchora. Ule wa ujamaa ni watu wamepandana kwenye gogo moja, bibi, watoto, wajukuu, wameshikana, hakuna gundi hakuna kiungo, wote wametoka kwenye mti mmoja. Ukitaka kuuelewa chora kwanza gogo, mche wa duara tu mtupu, alafu waingize watu humo ndani na marufuku hata kidole kutoka nje. Utaona watu wanaanza wenyewe kukunjana, goti la huyu linaingia kwapani kwa yule. Fundi hana hiari, mti ukiisha umeisha, na ile kubanwa ndio inazaa maumbo ambayo we ukiwa na karatasi nyeupe tupu huwezi kuyawaza.

Mtindo wa shetani wenyewe, ambao Samaki Likankoa ndiye anatajwa sana kuwa aliuanzisha miaka ya 50, ni kinyume. Pale kuna matundu, mwili umepinda, jicho moja, mguu unageuka pembe. Usianze na mwili, anza na matundu. Chora hewa kwanza, yani ile nafasi unayoona banda la jirani kupitia katikati ya kinyago, alafu mwili utajitokeza wenyewe. Alafu zunguka, chora pande nne, dakika tatu kila upande. Upande wa nyuma ndio unakuonyesha kama fundi ni fundi.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote la Mwenge: chagua gogo moja ambalo ndio kwanza limeanza, omba ruhusa, kila baada ya siku mbili tatu rudi ulichore kutoka palepale ulipokaa mara ya kwanza. Utaona ile nyama nyeupe ya nje ya mpingo inatolewa na weusi unatokea, utaona panga linaacha pande kubwa, tezo inaleta umbo, patasi inafungua macho na vidole, tupa na msasa vinafuta ushahidi. Mi nilipata kurasa tisa za gogo moja na zile kurasa tisa zilinifundisha kuliko muhula mzima, na walimu wangu wanisamehe.

Pembeni kidogo: ukitaka kununua cha kupeleka nyumbani kishike kwanza. Mpingo ni mzito, gogo lake linazama majini. Ukishika kitu cheusi tii alafu chepesi kama toi, hiyo ni kiwi ya viatu juu ya mti mweupe.

Oysterbay kwa Tingatinga

Kule nenda siku nyingine, usichanganye. Wachoraji wa mtindo wa Tingatinga wako barabara ya Haile Selassie, jirani na pale palipokuwa Morogoro Stores, na ndio maeneo yaleyale Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alikuwa anauzia picha zake. Huyu mzee alizaliwa Tunduru 1932, akapita kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akaja Dar akafanya vibarua vya kila aina, na uchoraji ameuanza 1968 hivi. 1972 akapigwa risasi na polisi kimakosa, walidhani ni mhalifu. Hesabu hapo, ni kama miaka minne tu ya kuchora. Alikuwa amefundisha ndugu na jamaa zake wachache, kina Simon Mpata, January Linda, Ajaba Abdallah Mtalia, na kutoka kwa hao mpaka leo watu bado wanakula kwa huo mkono. Mi nikiambiwa sijachelewa kuanza namkumbuka yeye, alianza ana miaka thelathini na kitu.

Alitumia alichopata, hadibodi za ujenzi zilizokatwa mraba na rangi za mafuta zinazong'aa, zile za kupaka baiskeli. Na ukikaa ukaangalia vijana wa sasa utaona vifaa vimebadilika kidogo, wengi wanatumia kitambaa kilichowambwa kwenye fremu, lakini mpangilio wa kazi ni uleule: kwanza ardhi na anga inapakwa yote mpaka pembeni, inaachwa ikauke, alafu mwili wa mnyama unapakwa mzima rangi moja bila jicho bila doa, unaachwa ukauke tena, alafu ndio yanakuja madoa, manyoya, jicho, na vidoti mwisho kabisa. Rangi ile ukiiharakisha inachanganyikana inakuwa tope, ndio maana unakuta msanii mmoja ana picha sita zimeegeshwa ukutani kila moja iko hatua yake. Hapo kwako ni shule ya bure, hatua zote sita zimepangwa mbele yako kwa wakati mmoja. Zichore zote kwenye ukurasa mmoja.

Somo kubwa la hapa ni kivuli, sio kivuli cha jua, namaanisha umbo likiwa limejazwa lote. Kabla chui hajawekwa madoa ni doa moja kubwa jeusi au la njano. Je ni chui? Kama bila jicho na bila madoa mtu anaweza kusema huyu chui, umbo limekaa. Kama anasema mbwa, madoa hayatakuokoa. Kwahiyo chukua ile 6B au mkaa, chora wanyama, watu, baiskeli, mama na beseni kichwani, wote weusi tii ndani, hakuna mstari wa ndani hata mmoja. Fanya ishirini. Mi nilimwonyesha jamaa mmoja pale chui wangu wa kwanza akacheka sana, akasema huyu chui amekaa kama stuli. Akachukua penseli yangu, akavuta mstari mmoja tu kutoka puani, juu ya shingo, mgongoni, mpaka ncha ya mkia, hakunyanyua mkono. Ule mstari nimeukata nimeubandika juu ya kitanda.

Angalia pia anavyoshika brashi kwenye vidoti, kidole cha mwisho kinaegemea kwenye picha kama stendi, sehemu ambayo ishakauka. Vitu vidogo kama hivi havimo kwenye kitabu chochote nilichosoma, na ndio vinavyokufanya mkono usitetemeke.

Sasa kuhusu kuiga. Kunakili picha ya mtu kwenye kitabu chako ili ujifunze ni sawa, kila mtu amepita hapo, ila andika pembeni jina la mwenye picha na tarehe. Kuichukua ile nakala ukaiuza au ukaiweka mtandaoni kama yako, hapana, hiyo ni wizi na nchi ina sheria ya hakimiliki ya 1999. Na hata kama usingekamatwa, yule jamaa aliyekupa stuli ukae siku tatu ataiona tu, Dar ndogo. Kazi ambayo haijaisha pia usiipost, hata kama umeichora kwa peni yako, mpaka umuulize.

Wasanii ambao hawajiiti wasanii

Mwanafunzi wa sanaa akiambiwa wasanii wa mtaani kwake anawaza galari na vinyago tu. Mi nimejifunza mstari kwa dada wa hina. Kama una dada, shangazi au binamu anaolewa, omba ukae sebuleni siku ya kupaka (kama we ni mwanaume omba kwa adabu sana na ukikataliwa usibishe, kuna sehemu wanaume hawaingii, mtume dada yako na kitabu). Anashika koni, anaanza na ua kubwa, anatoa shina, majani, na vidoti vinakuja mwisho, kama kule Oysterbay. Hakuna kufuta. Koni ikitetemeka ile alama inabaki kwenye mkono wa bi harusi wiki nzima na piko ndio kabisa. Kwahiyo yeye hachori haraka wala polepole, anachora kwa mwendo mmoja, na akikosea hasimami, anageuza kosa kuwa jani. Rudi nyumbani uchukue peni, chora mkono wako wa kushoto kwa mwendo ule, peni isinyanyuke, na ukikosea usirudie juu yake. Wiki moja ya hivo utaona tofauti.

Kuna na mafundi wa maandishi, wale wa kuchora kuta za saluni na vinyozi na maduka ya dawa. Wamepungua kwasababu kila mtu siku hizi anaprinti bango, lakini bado wapo, na ukimkuta mmoja kwenye ngazi acha unachofanya ukae upande wa pili wa barabara. Uzi uliopakwa chaki unavutwa ukutani, unaachiwa, pa, mstari umenyooka kuliko rula. Herufi anazipima kwa jicho. Mi huwa naandika pembeni ya skechi maneno ya ukutani pia, yale ya kwenye daladala na bajaji, na jina la khanga ya mama anayepita kama nikiwahi kulisoma, maana khanga ina mji, ina pindo, ina jina, na mtu aliyeipanga vile alikuwa msanii japo hakuna anayemjua.

Waliotangulia

Wafu nao watembelee ila usikae huko sana. George Lilanga, alizaliwa 1934 kule kusini, alianza kwa kuchonga, baadae akiwa Nyumba ya Sanaa Dar akawatoa wale mashetani kwenye mti akawaweka kwenye bati, kwenye karatasi, kwenye kitambaa, wana masikio makubwa na matumbo na wanacheka. Tafuta picha zake uangalie kitu kimoja tu, nafasi kati ya mtu na mtu. Hakuna sehemu iliyolala. Funika watu kwa kidole uangalie kile kilichobaki katikati, nacho kina umbo.

Mwingine Sam Ntiro, mtu wa Kilimanjaro, 1923, alisoma Makerere na Slade, chuo cha sanaa cha London, na uhuru ulipokuja akawa balozi wetu Uingereza. Picha yake ya 1956 ya wanaume wanapeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku inahifadhiwa MoMA, jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa kule New York. Yeye alichora migomba na watu wa kwao wakifanya kazi pamoja, mada ambayo wenzangu darasani wanaiona ya kishamba. Kutoka kwake nimechukua zoezi la kumbukumbu: angalia kitu dakika tano bila kuchora, geuka ukipe mgongo, chora. Kile ulichosahau hakikuwa cha lazima.

Ukitaka walio hai na wanaojaribu vitu vipya nenda Nafasi Art Space, Mikocheni, studio zao ni makontena, unaweza ukaongea na mtu akiwa na rangi mikononi. Na kwa siku ya utulivu Kijiji cha Makumbusho barabara ya Bagamoyo kuna nyumba za asili za makabila tofauti, makuti, fito, udongo, nyumba haiondoki wala haikuulizi unanichora ya nini.

Maana mtaani wanauliza. Siku moja nimekaa karibu na mabanda ya chakula nachora mama ntilie anavyopepea jiko, nikawa naandika na namba namba za vipimo pembeni, kumbe watu wameanza kunong'ona, mmoja akaanza kufunga meza yake. Walidhani natoka manispaa nahesabu mabanda ya kuvunja. Ilibidi nigeuze kitabu nimwonyeshe kila mtu, na yule mama alipojiona akasema mbona umenifanya mnene, watu wakacheka, nikapewa chai. Toka siku hiyo kitabu changu kiko wazi kila mara, akichungulia mtu namwachia achungulie. Na maeneo ya jeshi, Ikulu na majengo ya serikali yenye walinzi usiyachore, hata kama paa lake zuri vipi.

Daladala ni darasa la mkao. Foleni ya Ubungo inakupa watu ambao hawatikisiki nusu saa, waliolala wameegemea kioo, mikono imening'inia kwenye bomba. Konda mlangoni muwekee mstari mmoja tu wa mwili kutoka vidole vya mguu mpaka mkono unaoshika juu, sekunde thelathini, ruka ukurasa, mwingine. Kwa safari moja napata kumi na tano, kumi na mbili takataka, tatu zinapumua.

Usiku

Hii hatua wengi wanairuka. Usiku huohuo, kabla hujala au baada, fungua kitabu, weka duara kwenye skechi moja tu. Moja. Ichore upya kwa ukubwa wa A3 bila kuangalia simu, na pale usipokumbuka soma maneno uliyoandika pembeni, ndio maana nakwambia andika maneno, "kijani ya embe bichi", "bega la kushoto liko juu", na alichosema fundi kama alivyosema. Penseli haikumbuki rangi na we pia hukumbuki, unajidanganya tu.

Alafu jiulize cha kwako kiko wapi. Nitatoa mfano wangu. Nilikuwa na kurasa za ujamaa za Mwenge zimejaa watu wamebanana kwenye gogo, na kurasa za daladala zimejaa watu wamebanana kwenye Mbagala ya saa kumi na mbili jioni. Wiki mbili nilikuwa navyo vyote kwenye kitabu kimoja sijaona kitu. Siku naona, nilikuwa nimesimama kwenye gari yenyewe, kwapa la mtu liko usoni kwangu, nikawaza hapa si tuko ndani ya gogo. Nikachora abiria wamepandana kutoka chini mpaka juu, konda yuko juu kabisa ananing'inia, chini kabisa mzee mmoja amewabeba wote. Nafasi kati ya mikono iliyoshika bomba nikazifanya za Lilanga. Umbo lote nikalijaza jeusi kwanza nione kama linasimama, kama kule kwa chui. Hakuna mnyama, hakuna mlima, hakuna kitu cha mtalii, ila kila aliyenifundisha yumo.

Nikaipeleka Mwenge kwa yule mzee wa msasa. Akaweka patasi chini, akaishika karatasi mbali na macho, akacheka alipomwona konda. Alafu akashuka na kidole mpaka kwa yule mzee wa chini, akagonga pale mara mbili. "Huyu hana mgongo. Hawa wote anawabeba na nini?"

Nikaangalia, kweli, mstari mmoja umenyooka kama mlango. Akaniambia msasa uko palepale kwenye ndoo.